Sashe Juu ya Sufuria

Kwako yaya Faida, mukubwa wangu, kule Nyangezi,

Hapa mujini, Bagira yote hakuna mupishi kama mimi. Harufu ya maharagi yangu inatosha kumutoa padri kwenye misa! Majani ya migomba uliyotuma ya kufunika sufuria yalifika, lakini hayo ni mambo yenu ya kijijini. Mimi nilifunika na sashe ya plastiki: yanaiva mbio, makala ya moto haiishi.

Maman, na ugonjwa wake, alionja: «Fikiri mutoto wangu, iko inanuka plastiki.»

Nikacheka: «Maman, ulimi wako umezeeka!»

Infirmier anayekuja kumutunza maman aliona ile sashe juu ya sufuria, akanigombeza: moto unatoa sumu ya sashe na kuiingiza katika chakula. Sasa napika na majani yako, lakini maman anasema ameshiba, halafu anaomba viazi kwa jirani. Yaya, maman hakuli tena chakula cha mukono wangu.

Mudogo wako,
Fikiri