Nilimwaga Mwenyewe, Sasa Naomba Ruzuku

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na ukicheka nitaelewa, maana hata mke wangu Halyna amecheka. Mimi ni mwoka mikate wa miaka sitini na mitatu, mwenye akili timamu, au ndivyo nilivyojidanganya mpaka niliponunua kiwanja cha kile kiwanda cha zamani cha kupaka vyuma nikeli, hapa hapa mjini kwetu, jimbo la Ontario, Kanada, nijenge tanuri na mkahawa, kwa kuwa halmashauri inamsaidia anayefufua ardhi yenye sumu, inalipa nusu ya gharama za kupima udongo na kumrudishia nyongeza ya kodi ya jengo miaka kumi, ila usivunje hata tofali kabla ya kibali, na aliyechafua ardhi hapati kitu. Sharti hilo la mwisho nimelisoma mara nne nikitumaini litabadilika.

Maana nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilifanya kazi humo miezi saba, na kila Ijumaa msimamizi alinipa ndoo za dawa ya kuondolea grisi, akisema, "Orest, kamwage nyuma, ardhi inakunywa," nami nikamwaga kwa bidii, nikasifiwa, na sikupata sifa nyingine pale.

Mwezi uliopita Priyanka, mhandisi wa kupima udongo, alinihoji.

"Mzee, ulikuwa unafanya kazi gani humu?"

"Kufagia."

"Kuna kitu kilimwagwa nje?"

"Labda maji ya chai."

Akaandika. Maji ya chai, mshauri! Basi akatoboa udongo upande wa mbele, palipokuwa na matangi, hakukuta la kutisha, nami nikajiona mjanja, mpaka Jumamosi jirani wa nyuma ya kiwanja, Dona Lurdes, mjane wa Kireno, aliponipitishia sukuma wiki juu ya uzio.

"Chukua, jirani, za supu. Mwaka huu zimestawi."

"Unamwagilia maji gani?"

"Ya kisima changu. Hata chai nachemshia hayo, ya bomba yananuka dawa."

Niliondoka na mboga zangu kama mwizi. Halyna akaniuliza, "Umemwambia?" Nikasema ngoja kwanza ruzuku ipite. Akasema, "Kwa hiyo anywe hayo maji mpaka baraza likae?" Hapo ndipo alipoacha kucheka. Baraza la halmashauri linakaa baada ya wiki tatu kuamua ombi langu, na kabla ya hapo natakiwa kusaini kiapo kwamba nimesema yote ninayoyajua. Nikisema naikosa ruzuku na mji mzima unanicheka, nisiposema sijui nitamtazamaje yule mama. Nifanyeje?

Orest, mwoka mikate

Orest,

Nilicheka kwenye maji ya chai. Nilipofika kwenye kisima nikaiweka barua chini, nikakupigia simu bila kungoja siku ya gazeti. Ulikuwa bado "unatafuta maneno". Mwoka mikate mzima, umekosa maneno manne: Usinywe maji ya kisima.

Ulikwenda siku ile ile, na kwa hilo nakupa heshima yako. Uliponipigia tena ulisema hakukugombeza, aliuliza tu, "Umejua tangu lini?" Sawa. Swali hilo utaishi nalo, mimi sina dawa yake.

Yanayobaki ni kazi ya mikono na miguu. Kesho mpigie Priyanka, umwoneshe kwa kidole ulipomwaga, umwombe afute uongo wako na atoboe hapo. Ofisi ya afya ipime kisima. Kuchemsha chai hakuondoi dawa ile ya grisi. Halafu waulize halmashauri kwa maandishi kama kijana aliyetumwa na bosi wake ndiye anayehesabiwa mchafuzi. Huenda wakasema siye. Huenda wakasema ndiye. Wewe umejihukumu usiku na mchana bila kuwauliza wenye sheria, ukaona uongo ni nafuu. Ruzuku ikikataliwa, utaendelea kuoka pale pale unapooka sasa, na mikate yako naijua, si mibaya.

Ila kiapo, usikiguse kabla hayo hayajaandikwa.

Mpaka majibu ya kisima yatoke, maji ya kunywa ya Dona Lurdes utanunua wewe. Na umpelekee mwenyewe, ubishe hodi, ungoje afungue. Usiyaache mlangoni ukakimbia.

Bi. Odile