Skrinshoti Uliyotumiwa Kuhusu Wambui

Mjukuu wangu Muthoni,

Kosa la wengi ni kuamini kwamba skrinshoti huonyesha mazungumzo yote, kumbe huonyesha kipande tu ambacho mtu alichagua kutuma. Hapa Gatuanyaga hatujambo. Mvua imenyesha kidogo na mbuzi amezaa mapacha. Umeniuliza kama uhame chumba mnachokaa na Wambui huko Wendani, kwa sababu rafiki yenu alikutumia skrinshoti ya maneno ya Wambui: "Nimechoka naye, aende tu."

Mama yako Njoki akiwa mchanga, tuliishi mtaa wa Landless, vyumba vimegawanywa kwa mabati. Jirani alinisikia nikisema, "Huyu amenichosha, wiki hii ataondoka." Akaacha kuitikia salamu zangu. Baadaye alibisha hodi.

"Mama Njoki, nimekukosea nini mpaka unataka niondoke?"

Nikamwonyesha jogoo aliyekuwa akimaliza sukuma wiki yangu. Alicheka hadi akaketi chini, na Jumapili tukamla jogoo pamoja.

Sijui Wambui alimsema nani. Huenda ni wewe, na itauma. Lakini anayejua ni yeye. Leo akirudi, mwonyeshe skrinshoti hiyo, umwulize aliandika nini kabla ya maneno hayo.

Cucu wako