Vumbi la Okoth

Mafubira, Jinja

Brigid mwanangu,

Nawasalimu wewe na Wanyama mumeo, hapo Mbale. Huku mvua imenyesha, na kuku wa mama yako wameharibu mboga tena. Mimi nipo, ila miguu imevimba, na mkanda wangu wa uaskari jela sasa unanizunguka mara mbili. Daktari ameacha kunipa tarehe ya kurudi.

Juzi nilifungua sanduku lako la shule, nikapata daftari la fizikia. Umeandika kwamba nyota ikizeeka huvimba, kisha humwaga gesi na vumbi angani mpaka kibaki kiini tu, na vumbi hilo huja kuunda nyota nyingine. Nimetafuta ukurasa unaosema nyota iliyozeeka huikasirikia changa kwa kuchukua vumbi lake. Haupo.

Unajua ninachosema. Kwetu mtoto hurithi jina la aliyekufa. Ulipomwita mwanao Okoth mimi nikiwa hai, niliona umenizika, nikakufungia mlango. Miaka mitatu! Mama yako aliniambia ulifanya hivyo kwa kunipenda, nikamfokea naye.

Nisamehe. Nimelinda milango ya jela miaka thelathini, na huu mmoja nimeshindwa kuufungua peke yangu.

Panda gari kesho, usingoje Jumapili. Mlete mtoto nimwite kwa jina lake, naye aniitikie. Njooni wakati akina Okoth bado tuko wawili.

Ni mimi baba yako,
Okoth