Neno Alilolichagua Mama

Shoga, tangu siku ile tuliyomzika mama, kuna mwanamke anampigia baba simu kila siku saa nne kamili. Baba akiipokea anaingia chumbani na kufunga mlango.

Wiki mbili nimejinyamazia. Mzee amefiwa na mke, nyumba ni yake, na sauti ya mwanamke ni laini. Wewe ungefikiria nini?

Leo nimeipokea mimi. Kabla sijasema halo, akasema, "Koti la kijani."

Koti la kijani, shoga, kama anaagiza zawadi. Nikamwambia, "Dada, kaburi la mama halijakauka. Katafute mzee mwingine wa kumchuna."

Akasema, "Pole kwa msiba, mwanangu," akakata.

Kumbe baba amesimama nyuma yangu. "Umemtukana mtu wa chama cha wazee," akasema, akatoa fomu kwenye droo ya cherehani. Mwandiko wa mama kabisa. Mama, akiwa bado anaumwa, alimwandikisha baba apigiwe kila siku kujuliwa hali atakapobaki peke yake, na alindwe, maana matapeli huwawinda wafiwa, na baba humwamini kila anayepiga. Mtu wa chama hutaja kwanza neno la siri. Asiyelijua, baba anamkatia. Mama ndiye aliyelichagua: koti alilovaa baba siku waliyokutana.

Koti la kijani. Na mimi nikasikia mwizi.

Utaratibu wao, neno likisikiwa na mtu mwingine linafutwa. Wameshatuma ujumbe. Kesho kabla ya saa nne tuwape jipya, na baba amesema nichague mimi.