Benchi la Idi

Alhamisi, baada ya isha

Balozi wetu wa nyumba kumi amekuja leo kutazama kama kweli mwanangu Idi ana kazi, maana vijana wasio na kazi wanarudishwa vijijini kulima. Na Idi huko kijijini hana hata shangazi.

Benchi lake la useremala liko uani, kalimaliza jana. Miguu kaifunga kwa mbao za mshazari ili lisiyumbe, na juu kapiga randa mpaka pakawa sawasawa kama maji ndani ya beseni. Basi Mama Zaituni, mpangaji mwenzangu, kuona pamenyooka hivyo, kamwaga unga wake, anasukuma maandazi!

Balozi akacheka. "Mama Idi, hii karakana au hoteli?"

"Karakana, ndugu balozi."

Akalisukuma kwa nyonga, na alivyo mnene yule. Halikutikisika. Akamwambia Idi, "Haya, piga randa nione."

Idi akapangusa unga, akabana ubao, akasukuma. Ukatoka unyoya mmoja mrefu wa mbao, haukukatika. Balozi akauokota, akauzungusha kidoleni...

"Jumatatu narudi. Nisikute andazi hapa."

Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Nilitaka kumgombeza Mama Zaituni. Lakini naye asukumie wapi, chumba kimoja na watoto wote wale, na maandazi ndiyo yanayowalisha?

Nimempa meza yetu ya kulia. Sisi tutakula mkekani.