Kulwa wa Ndani na Kulwa wa Nje

Doto pacha wangu,

Huku Mwamkulu mvua haikatiki na wali mpya unanukia mpaka barabarani. Mchana mama mwenyeji kaita, "Kulwa, njoo ule!" Nikakurupuka. Kumbe anamwita binti yake, naye Kulwa! Mama akacheka: "Hapa tunaanza na wa ndani. Akikosekana ndio tunaita wa nje."

Nikaacha wali, nikarudi kwenye kompyuta. Debaga, ile programu ya kusakia makosa, hutafuta majina vivyo hivyo! Tangu asubuhi nikiiuliza "uzito", inanipa uzito wa ndani ya kipande cha programu ya mizani ninachokikagua, wakati uliokosewa ni wa nje, wenye jina hilohilo. Nimeusahihisha huo wa nje, na sasa mizani ya mpunga iliyonileta huku inapima sawasawa, wakulima wanapakia.

Akina Doto wamejaa huku. Lakini nikisema Doto, moyo haufiki nje. Unakukuta ndani.

Kulwa wako