Pumzi ya Kumwozesha Shadya

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Taarifa rasmi! Wakaazi wote wa nyumba hii, Jadida, Wete, mnatangaziwa kwamba kuku wamehamishwa. Kuanzia leo asubuhi makao yao ni Pujini kwa shemeji, kwa amri ya madaktari wa India. Jogoo alipinga uamuzi huo kwa sauti kubwa, akatolewa akining'inizwa miguu. Rufaa hana.

Sababu ni mie. Mmanga, fundi cherehani, mwenye mapafu ya mtu mwingine tangu Machi. Yangu yalikauka. Haya ni ya kijana mmoja marehemu, jina lake sikuambiwa. Kila nikiswali namkumbuka. Vumbi la kuku hayalitaki, wala moshi, wala mafua ya wageni. Moza anasema mumewe amekuwa mwari — hatoki, hatumwi, analetewa chakula.

Mwari wa kweli ni binti yetu Shadya. Ijumaa ya wiki ijayo anaolewa na Ridha wa Kengeja. Nitamwozesha kwa ulimi wangu mwenyewe. Nilimwahidi siku ile naondoka kwenda kupasuliwa.

Jumatano, 6 Agosti

Nimesikia filimbi. Nikaita: Moza, birika linachemka! Akajibu jikoni hakuna moto.

Basi birika ni mie. Kifuani, upande wa kulia. Nimemwambia ni kohozi.

Jumapili, 10 Agosti

Moza kaenda sokoni, nikampigia daktari India. Kanisikiliza navyopumua. Anasema huenda ni pale waliposhonea njia ya hewa — kovu linaota kwa ndani, njia inabana. Wataingiza mpira wenye kamera, waitanue kwa kipulizo, kijiputo cha hewa. Ikibana tena, wataweka kijibomba cha waya kuishikilia. Si jambo geni, kasema. Ila njoo sasa.

Nikamuuliza, nisingoje hata wiki moja? Akajibu: Bwana Mmanga, sasa maana yake sasa.

Mshono naujua. Ukikaza uzi, nguo hujikunja. Nimeharibu kanzu za watu hivyo, nikawaambia wao ndio walionenepa. Leo yamenirudia.

Moza karudi, kauliza mbona daktari hapigi siku hizi. Yuko likizo, nimesema. Ijumaa namwozesha mtoto. Jumamosi nitasema yote.

Jumanne, 12 Agosti

Mazoezi. Nimejifungia chumba cha kushonea. "Nimekuozesha binti yangu Shadya kwa mahari mliyoafikiana." Pumzi ilikatika kwenye mahari. Mara ya pili ilikatika kwenye jina.

Moza nyuma ya mlango: Baba Shadya, unasema na nani?

Na cherehani.

Mwambie apumzike, na weye upumzike!

Jioni kaja kaka yangu Haidar. Mpe shehe uwakala, bwana, amwozeshe kwa niaba yako, kasema, watu wangapi wanawakilisha? Weye nani hata usiwakilishe? Nikamjibu: kanzu nimeshona mwenyewe, binti nimezaa mwenyewe, nitaoza mwenyewe. Akaitazama kanzu pale ukutani. Mkono mmoja mrefu, akasema.

Kweli mmoja mrefu.

Alhamisi, 14 Agosti

Dada yangu Asya kaingia na chetezo kwapani. Harusi bila udi ni msiba, eti. Moza kamkemea: wifi, moshi! Asya kaapa hatauchoma ila chumbani kwa mwari, dirisha wazi, kidogo tu.

Shadya kaja kukaa nami, mikono yote hina, hawezi kushika kitu. Kaweka sikio kifuani kwangu kama alivyokuwa mdogo. Baba, nani humu anapiga filimbi?

Nikamwambia ni mwenyewe, yule kijana. Anashangilia harusi.

Kacheka. Kisha kaacha kucheka, na sikio hakuliondoa.

Jumamosi, 16 Agosti

Hospitali. Hewa ya mtungi puani. Tunangoja ndege ya Dar, na kutoka huko India, ikiwa nitafika. Mwandiko mbaya — nimeegemezwa mito.

Huko nje wanasema udi wa Asya ndio ulioniangusha. Namsikia Haidar akimfokea: ulikatazwa, hukusikia! Na Asya: nimemuua kaka yangu kwa mkono wangu. Toka jana hajala.

Ilivyokuwa kweli ni hivi.

Jana baada ya Laasiri niliingia kwa Shadya kumwomba idhini. Udi ulikuwapo, dirisha wazi. Nilipita tu. Msikitini nikakaa goti kwa goti na Ridha, mkono ndani ya mkono. Nikaanza vizuri. Nimekuozesha binti yangu — na mahali pa jina ikatoka filimbi. Ridha akangoja, kichwa chini. Msikiti mzima ukangoja. Nikarudia. Jina la mwanangu halikutoka. Shehe akainama, akaniambia taratibu: nipe uwakala, Mzee Mmanga. Nikakataa kwa kichwa. Akaomba tena. Pumzi iliyobaki ilinitosha neno moja: nimekupa.

Shehe ndiye aliyemwozesha. Ridha akakubali. Halwa haijanifikia, nikaanguka.

Udi huenda uliongeza, sijui. Lakini filimbi ilianza chetezo kikiwa bado kabatini kwa Asya. Daktari aliniita, nikakaa. Nilitaka watu wanisikie nikilitaja jina la mwanangu. Wajuao hayo ni mie na mtu mmoja aliyeko India.

Moza ameushika mguu wangu, hajui. Nimemwashiria: niitie Asya. Kasema si sasa, nesi kakataza usizungumze. Nimeashiria tena, mpaka mtungi ukatikisika. Sasa maana yake sasa. Ameinuka.

Ninayo pumzi ya maneno matatu manne. Nayapanga.

Pazia limesogezwa. Asya kasimama mlangoni. Moza anamvuta mkono, hataki kusogea — anaogopa nguo zake bado zinanuka udi.